Sura ya 5: Kidonge cha Usiku

Mwaka 1912, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, daktari mmoja kijana aitwaye Alfred Hauptmann alikuwa hapati usingizi. Inasimuliwa kwamba aliishi ghorofa ya juu ya wodi ya wagonjwa wa kifafa, na usiku kucha alisikia vishindo vya watu wakidondoka kutoka vitandani. Wakati huohuo kampuni ya Bayer ilikuwa imeingiza sokoni dawa mpya ya usingizi, Luminal. Hauptmann akawapa wagonjwa wake ili wao walale, na yeye alale. Wakalala kweli. Ila likatokea jambo ambalo hakulitegemea: hata mchana, wakiwa macho, wakitembea au wakila, hawakuanguka kama zamani. Mwaka huohuo akaandika taarifa katika jarida la madaktari la mjini Munich, na dawa ya kuleta usingizi ikawa dawa ya kifafa.

Jina lake la kitaalamu ni fenobabitoni. Zaidi ya miaka 110 imepita na haijastaafu. Miongoni mwa dawa za kifafa zinazotumika kwa wingi duniani, ndiyo kongwe kuliko zote. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu orodha hiyo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1977, na haijawahi kutolewa. Dozi ya mwaka mzima inaweza kugharimu kama dola 5 za Marekani. Katika nchi tajiri madaktari wengi wameisogeza kando, wanaitumia kwa watoto wachanga na kwa dharura tu. Huku kwetu bado ndiyo inayobeba mzigo: kidonge cheupe kidogo cha miligramu 30, kinachotolewa kwenye bahasha ya karatasi na maelezo ya kalamu, viwili usiku.

Kabla yake mambo yalikuwa magumu. Tangu mwaka 1857 wagonjwa walikuwa wakipewa bromidi, chumvi iliyopendekezwa na Charles Locock, daktari wa uzazi wa Malkia Victoria wa Uingereza. Locock aliamini kwamba kifafa cha wanawake kilitokana na ashiki na hedhi, na kwa kuwa bromidi ilipunguza hamu ya mwili, basi ingepunguza na kifafa. Nadharia ilikuwa upuuzi mtupu, dawa ikafanya kazi. Lakini bromidi ilimfanya mtu azubae, anuke mdomo, na atoke chunusi za usaha mwili mzima. Ndiyo maana fenobabitoni ilipokelewa kama mvua. Iliyofuata, fenitoini, haikuja hadi mwaka 1938, na ndiyo dawa ya kwanza ya kifafa iliyotafutwa kwa makusudi, kwa kuwajaribia paka walioamshiwa mitukutiko kwa umeme. Zile mbili za mwanzo ziliokotwa tu njiani.

Sasa tuingie ndani ya kichwa.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Seli iliyotulia ina chaji hasi ndani yake kulinganisha na nje, na ili ifyatue ujumbe lazima hali hiyo igeuke kwa muda mfupi mno, sehemu ya elfu ya sekunde. Kuna kemikali zinazoihimiza ifyatue, na kubwa kati ya hizo ni glutameti. Kuna kemikali zinazoizuia, na kubwa kati ya hizo inaitwa gaba. Ubongo mzima uko hai kwa sababu ya ubishi kati ya hao wawili. Kifafa ni pale upande wa kuhimiza unaposhinda: kundi la seli linaanza kufyatua pamoja, kwa mpigo mmoja, na jirani zao wanafuata. Likianzia sehemu inayoendesha mkono, mkono unatikisika. Likienea ubongo wote, mtu anaanguka, anakakamaa, anatupa miguu na mikono, anatoka povu. Povu lile ni mate aliyoshindwa kuyameza, yaliyochanganyika na hewa. Hakuna kingine ndani yake.

Gaba hufanya kazi kwa kufungua milango. Kwenye ukuta wa seli kuna milango midogo ya protini, na gaba ikijishika hapo, mlango unafunguka na chembe za kloridi zinaingia ndani. Kloridi ina chaji hasi, kwa hiyo seli inazidi kuwa hasi, inazidi kutulia, inakuwa nzito kufyatua. Fenobabitoni hujishika kwenye mlango huohuo, lakini mahali pengine, na kazi yake ni kuufanya mlango ukae wazi kwa muda mrefu zaidi kila gaba inapoufungua. Pia huipunguzia nguvu ile glutameti.

Hapa pana tofauti ndogo ambayo naiona ndiyo kiini cha sura nzima. Diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, na ndugu zake wa kundi la benzodiazepini nao huusaidia mlango huu, lakini wao huufanya ufunguke mara nyingi zaidi, na lazima gaba iwepo. Gaba isipokuwepo, hawana la kufanya. Fenobabitoni, ikizidi kiasi, inaweza kuufungua mlango yenyewe bila kuitwa na gaba. Yaani haina kikomo cha kuzuia. Ukiongeza dozi, itazima kifafa; ukiongeza tena, itazima fahamu; ukiongeza tena, itazima sehemu ya shina la ubongo inayokumbusha mapafu kuvuta hewa. Ni kazi ileile moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kinachotenganisha tiba na kifo ni kipimo.

Watu wabaya walilijua hilo. Katika Ujerumani ya utawala wa Nazi, watoto wenye ulemavu, wakiwemo wenye kifafa, waliuawa hospitalini kwa Luminal. Madaktari walikuwa wakiwapa dozi zilizozidi kiasi, tena na tena, kwa siku kadhaa mpaka pumzi inakuwa hafifu na mapafu yanashikwa na nimonia, kisha kwenye cheti cha kifo wanaandika nimonia. Na Hauptmann? Alikuwa Myahudi. Alikuwa amefikia kuwa profesa katika mji wa Halle, akaondolewa kazini mwaka 1935, na baada ya mashambulizi dhidi ya Wayahudi ya Novemba 1938 alikamatwa na kupelekwa kambi ya Dachau. Baadaye aliachiwa, akahama nchi, akafika Marekani, akafa Boston mwaka 1948. Mtu aliyewapa wagonjwa wa kifafa dawa yao ya kwanza ya maana alifukuzwa na haohao waliowaua kwa dawa hiyo.

Pwani ya Kenya dawa hii ilitoa somo jingine, safari hii kutoka kwa watu waliotaka kuokoa. Katika hospitali ya Kilifi watoto wengi walikuwa wakiletwa na malaria kali iliyopanda kichwani, na wengi wao walikuwa wakitukutika. Mitukutiko huumiza ubongo, kwa hiyo ilionekana ni busara kumpa kila mtoto sindano moja ya fenobabitoni, miligramu 20 kwa kila kilo, hata kabla hajaanza kutukutika. Watafiti waliamua kupima. Watoto 340 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapata dawa, nusu wakapata sindano isiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Dawa ilifanya kazi yake: waliotukutika mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 11 kwa waliopata fenobabitoni, na asilimia 27 kwa wasiopata. Lakini waliokufa walikuwa 30 upande wa dawa na 14 upande mwingine. Hatari ilikuwa kubwa hasa kwa watoto waliokuwa wamepewa diazepamu mara tatu au zaidi juu ya ile sindano. Dawa mbili zinasukuma mlango mmoja, pumzi inafifia, na wodini hakuna mashine ya kumpumulia mtoto.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linajibu swali ambalo wazazi huuliza na mara nyingi halijibiwi: kama ni dawa nzuri hivyo, kwa nini mnatuogofya tusiichanganye na nyingine? Linajibu pia swali la pombe. Pombe nayo hujishika kwenye milango ya gaba. Mtu anayemeza vidonge vyake jioni halafu akapitia kilabuni kunywa hajaongeza usingizi tu. Ameongeza mkono wa tatu kwenye mlango.

Lakini tusije tukaiogopa dawa hii kama nyoka. Watoto wa Kilifi walipata miligramu 20 kwa kilo kwa mkupuo mmoja, wakiwa mahututi. Mtu mzima mwenye kifafa cha kawaida huanza na miligramu 60 kwa siku, na wengi wanatosheka kati ya 60 na 180. Mtoto huanzia miligramu 2 au 3 kwa kilo kwa siku. Hicho ni kiasi cha kuishi nacho miaka.

Na inafaa kuishi nayo miaka kwa sababu ya tabia yake moja: haina haraka ya kutoka mwilini. Fikiria mtungi wenye ufa mdogo chini. Kila jioni unamimina kata moja ya maji, na usiku kucha na mchana kutwa maji yanavuja polepole. Siku ya kwanza mtungi una kata moja tu. Siku ya tano kina kimepanda. Itafika siku kiasi kinachovuja kinalingana na kinachomiminwa, na hapo kina kinatulia. Kwa mtu mzima, nusu ya fenobabitoni iliyomo mwilini huchukua kama siku nne kutoka, na kwa hesabu hiyo mtungi hutulia baada ya wiki mbili au tatu, wakati mwingine zaidi. Kwa watoto huvuja haraka kidogo.

Mambo mengi yanayowatatiza wagonjwa yanatokana na mtungi huu. Mtu anaanza dawa Jumatatu, Alhamisi anaanguka, anasema dawa haifanyi kazi. Maji bado hayajapanda. Mwingine anaongezewa dozi, siku mbili za kwanza yuko sawa, wiki ya pili anasinzia kwenye kiti cha daladala mpaka anapitilizwa kituo. Mwingine anasahau siku moja na hashtuki, kwa sababu kina hakijashuka sana. Na hiyo ndiyo fadhila kubwa ya dawa hii kuliko fenitoini au kabamazepini, inamsamehe mtu msahaulifu. Lakini msamaha huo una mwisho, na tutaufikia.

Inawasaidia akina nani? Wale wa kifafa cha kuanguka na kukakamaa, na wale ambao kifafa chao huanzia sehemu moja ya mwili. Jaribio kubwa lililofanywa Kenya, katika eneo la Nakuru, likachapishwa mwaka 1991, liliwafuatilia wagonjwa 302 ambao wengi hawakuwahi kupata tiba. Baadhi walipewa fenobabitoni, baadhi kabamazepini, wakiangaliwa na wahudumu wa kawaida wa afya. Katika miezi sita ya pili ya tiba, nusu na ushee ya waliomaliza mwaka hawakuanguka hata mara moja, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya dawa ya bei chee na ile ya bei ghali. Haiwasaidii watoto wenye kifafa cha kuduwaa, wale wanaokodoa macho sekunde chache katikati ya sentensi kisha wanaendelea kana kwamba hakuna kitu. Hao inaweza hata kuwazidishia. Wala si dawa ya kifafa cha mimba, ambacho kinafanana na kifafa kwa jina na kwa kutukutika tu. Hicho kinatokana na shinikizo la damu la ujauzito, na dawa yake ni magnesiamu salfeti, sindano.

Na degedege? Mtoto wa miaka miwili anapata homa, macho yanapinduka, anatukutika dakika mbili, anaamka. Zamani watoto kama hao waliwekwa kwenye fenobabitoni kila siku kwa kinga. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuata watoto 217 wa namna hiyo: baada ya miaka miwili, waliopangiwa dawa walikuwa chini kwa pointi 8 na zaidi katika vipimo vya akili, na dawa yenyewe haikuwa imezuia degedege kwa kiasi cha kuonekana. Siku hizi degedege la homa la kawaida halitibiwi kwa kidonge cha kila siku. Hutibiwa homa, na kutafutwa kilicholeta homa.

Asubuhi moja nilikaa pembeni ya meza ya muuguzi katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja ya wilaya, maana huko ndiko wagonjwa wa kifafa wanakopelekwa Tanzania, jambo ambalo wengi wao linawaudhi na mimi naona wana haki. Aliingia mama na binti wa miaka kama minane.

“Habari za leo, sista.”

“Nzuri, mama. Anaanguka?”

“Haanguki tangu mwezi wa nane. Lakini hii dawa, sista, imembadilisha mtoto. Haketi. Mwalimu ameniita mara mbili, anasema anapiga wenzake. Zamani alikuwa mpole huyu.”

Muuguzi akamwangalia mtoto, ambaye wakati huo alikuwa ameshafungua droo ya meza na anahesabu kalamu. Akauliza uzito. Akatazama kadi. Akauliza dawa anapewa saa ngapi, mama akasema asubuhi na usiku. Wakakubaliana apewe yote usiku, na akija tena aonane na daktari wapime kama anaweza kuhamishiwa kabamazepini.

Dawa inayomfanya mtu mzima asinzie inaweza kumfanya mtoto achachamae. Sababu yake haijanyooka, lakini madaktari wa watoto wanaijua kama wanavyojua homa. Hata hivyo si watoto wote, na mimi huwa nawaonya wanaosoma yale ya Marekani wasikimbilie kuitupa. Watafiti wa Bangladesh waliwalinganisha watoto wenye kifafa kwa fenobabitoni na kabamazepini, wakachapisha mwaka 2007, na hawakuona tofauti ya tabia kati ya makundi hayo mawili. Mtoto anayeanguka kila wiki naye hasomi. Ubongo unaotukutika unaharibu shule kuliko kidonge.

Mengine ya kawaida ni uchovu na usingizi wa wiki za mwanzo, kizunguzungu, kuyumba ukitembea, na kwa wengine huzuni. Mengi hupungua mwili ukizoea au dozi ikishushwa. La kuogopa ni vipele. Katika wiki za kwanza hadi miezi miwili hivi, wachache sana hutokwa na vipele vinavyofuatana na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu, na ngozi kuanza kuchubuka. Hapo hakuna kungoja tarehe ya kliniki. Dawa inasimamishwa siku hiyohiyo na mgonjwa anakwenda hospitali. Ndiyo hali ambayo kanuni ya kutoacha dawa ghafla, nitakayoieleza mbele, inavunjwa.

Kuna madhara yasiyoonekana kwa macho, nayo yanatokea kwenye ini. Fenobabitoni huliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng’enya vya kuvunjavunja dawa, na vimeng’enya hivyo havibagui. Vidonge vya uzazi wa mpango vinavunjwa haraka kuliko ilivyokusudiwa. Kijiti cha mkononi kinapungua nguvu. Mwanamke anajikuta mjamzito na analaumiwa kwa kusahau, kumbe hakusahau. Kitanzi cha shaba hakiguswi, kwa hiyo kwa wengi ndicho kinachofaa. Dolutegravir, dawa ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi wanaitumia sasa, kiwango chake mwilini hushuka. Mgonjwa anayehudhuria kliniki mbili, moja ya kifafa na moja ya dawa za kufubaza virusi, huwa na kadi mbili katika mikoba miwili, na mara nyingi hakuna anayeziona zote. Mweleze kila daktari unachomeza kwa mwenzake. Vitamini D nayo huvunjwa, na kwa miaka mingi mifupa hudhoofika.

Kwa mjamzito hesabu ni nzito. Fenobabitoni inaweza kuongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro, hasa za moyo na mdomo, ingawa hatari yake ni ndogo kuliko ya valproeti, dawa ambayo mabinti na wanawake wa umri wa kuzaa hawapaswi kuanzishwa kama ipo njia nyingine. Lakini mama akiacha dawa kwa hofu, akaanguka akiwa na mimba ya miezi saba, wawili wanaumia. Kinachofanyika ni kupanga mapema, foliki asidi kabla na baada ya mimba kutunga, dozi ndogo inayotosha, na mtoto akizaliwa adungwe vitamini K asitokwe damu.

Mahenge, Ulanga, ndipo dawa hii ilipoingia katika historia ya Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari wa Kinorwe, Louise Aall, ambaye baadaye aliitwa Jilek-Aall, alifika Tanganyika, akakuta milimani kwa Wapogoro watu wengi wenye kifafa kuliko alivyotarajia popote. Walikuwa wanakula kwenye vyombo vya peke yao. Watu waliamini kifafa kinaambukiza kwa mate, kwa hiyo mgonjwa akiangukia motoni, wengi waliogopa kumshika kumtoa, na makovu ya moto yakawa kama alama ya ugonjwa. Aliwaona pia watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kwa kuinamisha kana kwamba wanasinzia, jambo ambalo miongo kadhaa baadaye lingezungumzwa dunia nzima lilipojitokeza Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na ambalo sasa linahusishwa na usubi, ugonjwa wa minyoo inayosambazwa na nzi wadogo weusi wa kando ya mito iendayo kasi. Mahenge ni nchi ya mito kama hiyo.

Mwaka 1960 alianzisha kliniki ya kifafa, na dawa yake kuu ilikuwa fenobabitoni. Matokeo tunayajua kwa sababu yeye na Henry Rwiza, daktari Mtanzania, waliandika mwaka 1992 habari za wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30. Katika tiba ya mfululizo, nusu na ushee waliacha kuanguka kabisa, na wengine wengi wakapungua. Ni karibu sawa na Nakuru. Hao ni watu ambao kabla ya hapo walikuwa wanafichwa ndani. Utafiti wa Rwiza na wenzake wilayani Ulanga ulikuta watu kama 10 wenye kifafa katika kila 1,000.

Ila kuna nusu ya pili ya habari hiyo. Kufikia mwaka 1990, theluthi mbili ya wale 164 walikuwa wamekufa, na zaidi ya nusu ya vifo vilitokana na kifafa chenyewe: kuzama majini, kuungua, kufa katikati ya kuanguka, na kifafa mfululizo, kile ambacho mgonjwa anaanguka tena kabla hajaamka kutoka kuanguka kwa kwanza. Kifafa mfululizo kina sababu nyingi, lakini muuguzi yeyote wa kliniki hizi atakuambia analouliza kwanza: dawa imekatika lini?

Nasema hivi bila kuzunguka: madhara ya fenobabitoni yameandikwa vitabu na vitabu, lakini katika vijiji vyetu nadhani kukosekana kwake kunaua zaidi kuliko madhara yake yote. Ubongo uliozoea milango kushikiliwa wazi umejirekebisha, umepunguza breki zake wenyewe. Ondoa dawa ghafla, mtungi utavuja mpaka ukauke, na kwa kuwa unavuja polepole, mtu anajiona mzima siku tatu, nne, wiki. Anasema amepona. Kisha kifafa kinarudi kwa nguvu ambazo hakikuwa nazo mwanzo.

Yule muuguzi, siku ileile, alimkaribisha mzee mmoja aliyekuja peke yake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mjukuu yuko wapi?”

“Yuko nyumbani. Dawa tuliacha, maana alipona. Miezi mingi hakuanguka.”

“Mliacha lini?”

“Yapata wiki mbili sasa.”

“Sasa mbona umekuja, babu?”

“Juzi ameanguka mara tatu.”

Hakumgombeza. Alimweleza kwamba kuacha kunawezekana, lakini kunaamuliwa na daktari, kwa kawaida baada ya miaka miwili bila kuanguka hata mara moja, na dozi hushushwa kwa hatua ndogo, nusu kidonge au kidonge, ikingojwa wiki kadhaa kila hatua, hata kazi nzima ikachukua miezi. Mzee akauliza: na dawa ikiisha zahanati? Hilo ndilo swali lenyewe. Fenobabitoni imo katika orodha ya nne ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo kuiingiza nchini kunataka vibali na hesabu ambazo paracetamoli haizitaki, na kwa kuwa bei yake ni ndogo, hakuna mfanyabiashara anayekesha kwa ajili yake. Inaisha mara kwa mara.

“Usingoje ziishe,” muuguzi akamwambia. “Zikibaki za wiki mbili, uje. Ukikuta hakuna, usirudi nyumbani mikono mitupu. Muombe daktari akuandikie nyingine ya kushikilia. Na mjukuu umlete kesho, nataka daktari amwone.”

Akamhesabia vidonge vya kuanzia, akaandika tarehe kwenye bahasha kwa tarakimu kubwa, kisha akamsomea kwa sauti mara mbili kwa sababu mzee alikuwa amesahau miwani.